Banting: Mzee wa London aliyepunguza unene na kuuzuia usirudi

KUPUNGUZA uzito ni jambo moja, na kuuzuia usirudi ni jambo jingine. La kwanza huwezwa na wengi. Mtu hujinyima kwa majuma kadhaa, nguo zikaanza kumpwaya na jamaa zake wakamsifu. Kisha muda wa kujinyima humalizika, chakula cha zamani kikarejea mezani, na mwili nao ukarejea pale pale ulipokuwa, pengine ukapapita.

Miongoni mwa watu wa mwanzo kueleza kwa maandishi, kwa tarakimu na tarehe, jinsi walivyovuka kutoka hatua ya kwanza hadi ya pili ni William Banting, mkazi wa jiji la London nchini Uingereza, aliyeaga dunia mwaka wa 1878 akiwa na umri wa miaka 81.

Jina lake lilivuma kiasi cha kugeuzwa kitenzi. Kwa miaka mingi Waingereza walilitumia kumaanisha kuacha vyakula vinavyonenepesha, na hadi leo neno la Kiswidi lenye maana hiyo, banta, asili yake ni jina hilo. Hata hivyo, umaarufu huo ulibeba nusu tu ya habari zake. Watu waliukumbuka mwaka mmoja aliopungua, wakaisahau miaka iliyofuata ambayo aliishi bila ya kunenepa tena. Na kwa yeyote anayepigana na mizani, miaka hiyo ndiyo yenye funzo kubwa zaidi.

Mazishi ya wafalme

Banting alizaliwa Desemba 1796. Kampuni ya ukoo wake, iliyokuwa na makao katika barabara ya St James's Street, ilitengeneza samani na pia kusimamia mazishi ya watu wakuu. Ndiyo iliyosimamia mazishi ya Mfalme George wa Tatu mwaka wa 1820 na ya Mfalme George wa Nne mwaka wa 1830. Novemba 1852 ilisimamia mazishi ya Duke wa Wellington, jemadari aliyemshinda Napoleon, na mwaka wa 1861 yale ya Prince Albert, mume wa Malkia Victoria.

Hivyo Banting hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa mfanyabiashara wa tabaka la kati, mwenye kuheshimika, aliyezoea kazi isiyoruhusu kosa wala kuchelewa. Hakuwa mlevi wala mlafi, na hakuwa mtu wa kukaa kitako kutwa. Kadhalika, hakuna mtu katika ukoo wake, kuumeni wala kukeni, aliyekuwa na tabia ya kunenepa. Tangu ujanani aliuogopa unene kama mtu aogopavyo ugonjwa.

Ulipoanza kumnyemelea akiwa kati ya umri wa miaka 30 na 40, alifanya lile ambalo mwenye busara angelifanya: alimwendea daktari mpasuaji aliyekuwa rafiki yake. Alishauriwa aushughulishe mwili kabla ya kuanza kazi za siku. Kwa kuwa aliishi karibu na mto na alikuwa na mashua nzito, kila alfajiri alipiga makasia kwa muda wa saa mbili hivi.

Misuli ilipata nguvu kweli. Lakini pamoja na nguvu ilikuja njaa kali, na njaa hiyo ilidai kutulizwa. Kila alichokitoa mtoni alikirudisha mezani pamoja na ziada. Uzito ulipanda badala ya kushuka, hadi rafiki yake yule yule akamshauri aache kupiga makasia.

Miaka ya kuhangaika

Kilichofuata kilikuwa safari ndefu ya kutoka kwa daktari mmoja hadi mwingine. Banting alioga baharini. Alipanda farasi. Alikwenda kunywa maji ya chemchemi za madini katika miji ya Leamington, Cheltenham na Harrogate. Alimeza dawa za kila namna. Alikaa katika bafu za mvuke za Kituruki mara nyingi, na jasho lote hilo likampunguzia ratili sita tu, yaani chini ya kilo tatu.

Jaribio moja lilimdhuru kabisa. Aliposhauriwa ale kidogo na vyakula vyepesi, alitii kupita kiasi. Mwili ulidhoofika lakini unene haukuondoka. Majipu yalimtoka, na mawili kati yake yalikuwa makubwa kiasi cha kuhitaji kupasuliwa. Hapo alijifunza kwa uchungu kwamba kushinda njaa si sawa na kupona unene.

Kufikia mwaka wa 1862, mzee huyo alikuwa na umri wa miaka 65 na kimo cha futi tano na inchi tano, yaani sentimita 165. Mnamo Agosti 26 mwaka huo, mizani ilionyesha ratili 202, sawa na kilo 91 na nusu hivi. Hakuweza kuinama afunge kamba za viatu. Aliposhuka ngazi ilimbidi ashuke polepole akienda kinyumenyume, ili kuviepushia vifundo na magoti mshtuko wa uzito wake mwenyewe. Kila juhudi ndogo ilimfanya atweta. Alikuwa na ngiri kwenye kitovu iliyomlazimu kuvaa mkanda maalumu, alifunga bandeji magotini, na macho na masikio yalikuwa yakififia.

Juu ya hayo kulikuwa na maumivu ambayo hayaonekani kwenye mizani. Katika mikutano, katika magari ya abiria na njiani, watu walimdhihaki. Viti havikumtosha. Mzee ambaye kampuni ya ukoo wake ilisimamia mazishi ya wakuu wa nchi kwa heshima zote alianza kuepuka mahali penye watu ili asiwe kichekesho.

Daktari wa masikio

Msaada ulikuja kwa mlango ambao hakuutarajia. Masikio ndiyo yaliyokuwa yakimtia wasiwasi zaidi, na daktari mashuhuri aliyemtibu hapo awali hakuwapo mjini, kwani Agosti ulikuwa mwezi wa likizo. Banting akaenda kwa mwingine, William Harvey, mpasuaji aliyekuwa na kliniki yake Soho Square.

Harvey aliyachunguza masikio, kisha akamtazama mgonjwa mzima. Uamuzi wake ulikuwa kwamba tatizo halikuanzia sikioni. Lilianzia katika mafuta yaliyoujaza mwili na kuibana njia ya sikio kwa ndani.

Daktari huyo alikuwa na sababu ya kufikiri hivyo. Mwaka wa 1856 alipokuwa Paris, alisikiliza mihadhara ya Claude Bernard, mwanasayansi Mfaransa aliyegundua kwamba ini hutengeneza sukari na ambaye alikuwa akieleza ugonjwa wa kisukari. Harvey alijua kwamba wakulima huwanenepesha wanyama kwa vyakula vya sukari na wanga, na kwamba wagonjwa wa kisukari walipewa mlo wa nyama ili kuizuia sukari. Akajiuliza: mbona mlo wa aina hiyo usiweze kuzuia unene kwa binadamu?

Akamwandikia Banting orodha ya vitu vya kuacha: mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Mgonjwa alishangaa. Hivyo ndivyo vitu alivyoishi kwavyo maisha yake yote. Asubuhi alikuwa akila mkate kwa maziwa, au chai yenye maziwa na sukari tele pamoja na tosti iliyopakwa siagi. Mchana ilikuwa nyama, bia, mkate mwingi na vitu vya unga. Jioni chai ile ile, na usiku andazi la matunda au tena mkate kwa maziwa.

Mlo mpya ulikuwa na saa zake. Saa tatu asubuhi alikula gramu 110 hadi 140 za nyama ya ng'ombe au kondoo, figo, au samaki wa kuchoma, kwa kikombe kikubwa cha chai isiyo na maziwa wala sukari na kipande kidogo cha tosti kavu. Saa nane mchana ilikuwa samaki au nyama, mboga yoyote isipokuwa viazi, matunda, na glasi mbili au tatu za mvinyo usio mtamu. Saa 12 jioni alikula matunda kidogo na chai kavu. Saa tatu usiku alipata tena nyama au samaki wa gramu 85 hadi 110 pamoja na glasi moja au mbili za mvinyo.

Kwa macho ya leo, mvinyo huo ulikuwa mwingi mno. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka wa 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Lakini ratiba hiyo ilikuwa na sifa moja kubwa: haikumtesa. Banting mwenyewe alisisitiza kuwa sasa alikula vizuri zaidi kuliko zamani. Hakuwa na njaa, hivyo hakuwa akihesabu siku za kifungo kabla ya kuachiliwa.

Haba na haba

Uzito haukuporomoka. Ulishuka kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. Kati ya Agosti 26 na Septemba 7, 1862, alipoteza ratili mbili. Baada ya hapo alijipima karibu kila baada ya majuma matatu na kuandika kila tarakimu. Mkesha wa Krismasi mizani ilisoma ratili 184. Aprili 29, 1863 ilisoma 170. Baada ya majuma 38 alikuwa amepungua ratili 35, na kufikia Septemba 12, 1863 alikuwa na ratili 156, karibu kilo 71.

Kwa jumla alipoteza ratili 46, takriban kilo 21. Ni kana kwamba kwa miaka mingi alikuwa amebeba mtungi wa maji wa lita 20 mchana na usiku, na sasa akautua. Kiuno chake kilipungua kwa zaidi ya inchi 12. Alishuka ngazi akitazama mbele kama watu wengine, akafunga viatu vyake mwenyewe, akaacha bandeji za magoti, na masikio yakarudia kusikia vyema.

Ikumbukwe kwamba hakuwa mwembamba. Kwa vipimo vinavyotumiwa na madaktari leo kulinganisha uzito na kimo, Banting wa mwaka 1863 alikuwa bado juu kidogo ya kiwango kinachoitwa cha kawaida. Hakuwa akitafuta umbo la kijana wa miaka 20. Alitafuta mwili ambao mzee anaweza kuubeba, na alipoufikia akaridhika.

Kijitabu cha bure

Mei 1863 alichapisha kijitabu kwa gharama zake mwenyewe, akakiita Letter on Corpulence, yaani barua kuhusu unene, akaielekeza kwa umma. Nakala 1,000 za kwanza alizigawa bure, na toleo la pili pia likagawiwa. Hakutaka adhaniwe kuwa anatafuta faida kwa mateso ya wengine. Watu walipozidi kukiomba ndipo toleo la tatu likauzwa, na faida akaipeleka kwa taasisi za hisani. Kufikia toleo la nne mwaka wa 1869, zaidi ya nakala 60,000 zilikuwa zimeuzwa, na kijitabu kilikuwa kimetafsiriwa kwa lugha nyingine.

Madaktari wengi hawakufurahi. Jarida la Lancet lilimshambulia. Waliuliza, mtu wa mazishi ana mamlaka gani ya kufundisha tiba? Wengine walidai hapakuwa na jambo jipya. Magazeti ya vichekesho nayo yakampata. Harvey, ambaye jina lake halikutajwa katika toleo la kwanza, naye hakusalimika na lawama, na mwaka wa 1872 alichapisha kitabu chake mwenyewe kueleza sababu za kitaalamu za mlo huo.

Banting hakujidai mtaalamu. Alieleza tu yaliyompata, akaongeza mfano wa mtu aliyezoea farasi. Maharagwe, alisema, yanaweza kumfaa farasi mara moja moja, lakini humdhuru yakiwa chakula chake cha kila siku. Kwa mtazamo wake mkate, maziwa, siagi, sukari, bia na viazi ndiyo yaliyokuwa maharagwe ya binadamu: si sumu kwa kila mtu, ila si chakula cha kila umri. Kwa hiyo hakuvilaumu vyakula wala hakumhimiza kijana wa shambani avitupe. Aliutazama mwili wake, na umri wake, akaamua.

Baada ya ushindi

Hapa ndipo habari za wengi hukatikia, na hapa ndipo zile za Banting zinapoanza kuwa adimu. Baada ya Septemba 1863 hakuwa na ratili nyingine za kupoteza. Hapakuwa tena na furaha ya kuona tarakimu ikishuka. Marafiki walikwisha kumsifu, na sifa hazirudiwi kila juma. Mtu anapofika hapo huwa na njia mbili: kusherehekea kwa kurudia yale aliyoyaacha, au kuendelea na kazi ambayo haina tena makofi.

Banting aliendelea. Mlo alioutumia kupungua ndio aliobaki nao, kwa kuwa ulikuwa umekwisha kuwa chakula chake cha kawaida. Mizani hakuiacha. Alichobadilisha ni swali. Mwanzoni alijiuliza nini kitampunguza. Sasa alijiuliza ni kitu gani, na kwa kiasi gani, kitamrudisha alikotoka.

Ili kupata jibu alijifanya yeye mwenyewe uwanja wa majaribio. Aliruhusu kimoja kati ya vyakula alivyokatazwa kirudi mezani kwa kipimo, akautazama uzito wake. Katika toleo la 1869 aliripoti kwamba sukari ndiyo iliyokuwa adui mkuu. Aunsi tano za sukari, takriban gramu 140, zikigawanywa kwa siku saba, zilimwongezea karibu ratili nzima kufikia mwisho wa juma. Hicho ni kiasi kisichozidi gramu 20 kwa siku, vijiko vitano hivi vya chai.

Jaribio la mtu mmoja haliwezi kuwa sheria kwa watu wote, na mizani hupanda hata kwa maji yanayobaki mwilini. Lakini kwa Banting lilikuwa na thamani ya pekee. Lilimwonyesha kwamba kuteleza si kuanguka. Aliyeongeza ratili moja kwa sukari ya juma moja alijua imetoka wapi na jinsi ya kuiondoa. Asiyejipima hugundua pale suruali inapokataa kufungwa, na wakati huo ratili moja imekwisha kuwa 15.

Miaka saba baada ya siku ile ya Agosti aliposimama kwenye mizani akiwa na ratili 202, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, aliweza kuuarifu umma kwamba unene haukurudi na afya yake ilikuwa imara.

Yaliyojulikana baadaye

Sayansi ya baadaye imeeleza kwa nini kazi hiyo ya pili ni ngumu. Mwili uliopungua huwa haukubali kirahisi. Utafiti wa wanasayansi wa Australia uliochapishwa mwaka wa 2011 ulionyesha kuwa mwaka mzima baada ya watu kupunguza uzito, homoni zinazochochea njaa zilikuwa bado juu kuliko hapo awali. Kwa maneno mengine, anayerudia unene si lazima awe mvivu au mlegevu wa nia. Anapambana na mwili unaodai ulichopoteza, na huo mwili hausahau upesi.

Nchini Marekani, mwaka wa 1994 ilianzishwa orodha ya kitaifa ya watu waliopoteza angalau ratili 30 na kukaa bila kuzirudia kwa mwaka mmoja au zaidi. Njia walizotumia kupungua zilitofautiana, lakini desturi zao za baadaye zilifanana. Wengi wao hula kifungua kinywa, hujipima angalau mara moja kwa juma, na hufanya mazoezi kwa muda wa saa moja hivi kila siku. Mambo mawili ya kwanza Banting aliyafanya zaidi ya karne moja kabla yao, ingawa yeye hakujipima kila juma.

La tatu linaeleza makosa ya zile alfajiri zake mtoni. Mazoezi pekee, bila kugusa chakula, mara nyingi hupunguza kidogo kuliko inavyotarajiwa, kwa kuwa njaa huongezeka. Lakini kwa aliyekwisha kupungua, mazoezi husaidia sana kulinda alichopata. Banting aliikuta dawa hiyo kabla ya wakati wake, akaitupa kwa kuwa haikufanya kazi peke yake.

Aidha, dai lake kwamba cha muhimu ni aina ya chakula pekee, na kwamba kiasi kinaweza kuachiwa hamu ya mtu, halikuthibitishwa kama alivyodhani. Mwaka wa 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 609, baadhi yao wakipunguza wanga na wengine wakipunguza mafuta. Baada ya miezi 12 hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Katika kila kundi walikuwapo waliopungua sana na walioongezeka. Inaelekea kwamba mlo bora ni ule ambao mtu anaweza kuishi nao, na hilo Banting alilithibitisha kwa vitendo hata pale nadharia yake ilipopungukiwa.

Wataalamu pia hutahadharisha kwamba wanaotumia dawa za kisukari, wenye maradhi ya figo na akina mama wajawazito wasibadilishe mlo kwa ghafla bila ushauri wa daktari. Banting mwenyewe hakuanza peke yake. Alikuwa na Harvey.

Jina lililomzidi umri

Mzee huyo alifariki Machi 16, 1878 jijini London. Alizikwa katika makaburi ya Brompton. Kampuni ya ukoo wake iliendelea na kazi yake, na mwaka wa 1901 ikasimamia mazishi ya Malkia Victoria.

Jina lake limeendelea kuzua mijadala hata barani Afrika. Nchini Afrika Kusini, Profesa Tim Noakes alishirikiana na wengine kuandika kitabu The Real Meal Revolution, kilichotoka mwaka wa 2013, na tangu hapo ulaji wa vyakula vyenye wanga kidogo ukajulikana huko kwa jina la Banting. Wako walioushangilia na wako madaktari walioupinga vikali, kama ilivyokuwa London miaka 150 kabla. Asichanganywe na Frederick Banting, Mkanada aliyeshiriki kugundua insulini mwaka wa 1921 na kutuzwa Nobel mwaka wa 1923.

Ajabu ni kwamba kitenzi kilichotokana na jina lake kilikuja kumaanisha kujinyima kwa muda, jambo ambalo yeye alilijaribu kwa miaka 30 na likamshinda. Kilichomfaa hakikuwa cha muda. Kilikuwa ni saa zile zile za kula, chai ile ile isiyo na sukari, na kalamu iliyoandika uzito baada ya kila majuma kadhaa, hata pale ambapo hapakuwa tena na habari ya kuandika ila kwamba uzito ni ule ule. Kwa mzee aliyewahi kushuka ngazi kinyumenyume, habari hiyo ilimtosha.